Mgeni wa Podikasti ya Mchungaji

Aliyeitikia "Amina" aliitikia mapema mno.

Mama Mchungaji alimsikia saa nane mchana, akiwa kwenye meza ya jikoni, hedifoni masikioni, akisafisha sauti ya kipindi cha kwanza cha mumewe. Kazi hiyo alipewa yeye, maana mumewe alikuwa mtu wa maono, na watu wa maono hawana muda wa kukata vikohozi. Mchungaji alikuwa katikati ya sentensi, na kabla hajafika mwisho mtu akaitikia, taratibu, karibu kabisa na maikrofoni, kama anayeijua sentensi hiyo na amechoka kuisubiri.

Akarudisha nyuma. Ikawa vilevile.

"Ulikuwa na nani chumbani?" alimuuliza mumewe.

"Mimi na Bwana tu," alijibu Mchungaji, akijitazama kwenye kioo cha simu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mdogo wake Mama Mchungaji, binti mshona nguo ambaye nyumbani wote walimwita Fundi. Mchungaji alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba siku hizi mtumishi asiye na podikasti, kipindi cha watu kusikiliza kwenye simu, ni kama hana kanisa. Akatafuta chumba kisicho na kelele, akakipenda hicho. Cherehani ikahamishiwa uani. Kuta zikabandikwa trei za mayai na blanketi kuukuu. Fundi aliruhusiwa kuendelea kulala humo, "mradi asikorome mtumishi akiwa hewani," alisema shemeji yake, akacheka peke yake.

Kabla ya kurekodi kipindi hicho cha kwanza, kwa kuwa hakuwa na mgeni wa kuhoji, Mchungaji alifanya mazoezi. Siku tatu alikaa mbele ya kiti kitupu, akakitazama kwa huruma aliyoiiga kwa watangazaji, akakiambia, "Karibu sana, mgeni wetu. Jisikie uko nyumbani. Chumba hiki ni chako." Kisha alinyamaza kidogo, kumpa mgeni nafasi ya kushukuru. Mtu aliyefundisha habari za mapepo miaka kumi na mitano hakujiuliza hata mara moja anamkaribisha nani.

Harufu ilianza siku ya nne. Ilikuwa kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, lakini ndani ya chumba kile hapakuwa tena na pasi wala nguo.

"Dada," Fundi alinong'ona wakiosha vyombo, "kuna mtu anakaa kwenye kile kiti."

"Saa ngapi?"

"Wakati wote. Nikigeukia ukutani, anakivuta karibu."

Mama Mchungaji aliacha sahani kwenye maji. "Hamia sebuleni. Sasa hivi. Nenda kachukue blanketi lako."

Fundi akaenda, na hakurudi. Dada yake alipomfuata alimkuta ameketi kwenye kiti cha mgeni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, uso mbele ya maikrofoni. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume wa makamo, mpole, mwenye adabu.

"Habari yako, mama wa nyumba. Mwenyeji wangu yuko wapi? Nimeambiwa nijisikie niko nyumbani, na mimi ni mtu wa kushika neno."

Mchungaji aliitwa. Alipoisikia sauti ile, shujaa wa mikesha alisimama nyuma ya mkewe.

"Usiogope," ile sauti ilimwambia. "Sikuja kwa nguvu. Aliyenikaribisha akiniambia niondoke, nitaondoka. Neno moja linatosha."

"Mwambie," Mama Mchungaji alinong'ona. "Mwambie aondoke."

Mchungaji akafungua kinywa. Ndipo macho yake yakaangukia kitaa chekundu cha mtambo. Alikuwa ameusahau tangu asubuhi, ulikuwa unarekodi. Akakifunga kinywa. Akavuta kiti chake, akakaa, akasafisha koo.

"Tuambie, mgeni wetu," alisema, "umetoka wapi?"

Kipindi cha kwanza kilikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa Mchungaji mwenyewe kwa simu zake mbili. Hiki cha pili kilisikilizwa na watu elfu nne kabla ya jua kuzama. Kesho yake alitembea kanisani kama mtu aliyevaa viatu vipya, na akatangaza kwamba mazungumzo yataendelea Jumamosi.

Fundi hakula tena. Alikaa kwenye kiti kile, vidole vyake vikitunga uzi usiokuwepo kwenye sindano isiyokuwepo, na kila siku mashavu yake yalizidi kuingia ndani, na ile harufu ya kuungua ikatoka chumbani ikafika koridoni, ikafika jikoni, ikaingia kwenye mkate na kwenye nywele, mpaka Mama Mchungaji akawa anaamka na kuangalia mikono yake kama haijaungua.

"Mwambie atoke," alimwomba mumewe.

"Jumamosi, mke wangu. Nimeshawatangazia watu. Kuna utaratibu."

"Huyo ni mdogo wangu, siyo utaratibu."

"Shemeji anatumika. Ni wangapi wanapata neema ya kutumika?"

"Basi tumika wewe."

Mchungaji akamwambia aikemee roho ya ubishi, akaenda kupiga pasi koti.

Jumamosi mchana wazee wa kanisa walijaa dirishani. Mchungaji alikuwa amechapisha maswali ya wasikilizaji, akayapanga mbele yake kama mtu wa maana, na kila alipouliza moja ile sauti ya upole ilijibu kwa ufasaha, na kila ilipojibu shingo ya Fundi ililegea kidogo zaidi, na kitaa chekundu kikaendelea kuwaka, na wazee dirishani wakasogeza masikio karibu, na hakuna hata mmoja wao aliyemtazama msichana.

"Msikilizaji mmoja anauliza, huko kwenu mnakula nini?"

"Tunakula alichonacho aliyetubeba. Huyu mtoto alikuwa na kidogo. Kimebaki cha leo, kesho hana."

Mama Mchungaji, akiwa mlangoni, alimtazama mumewe. Neno moja. Mchungaji akainua kidole.

"Tutarudi kwenye jambo hilo zito," alisema kwenye maikrofoni, "baada ya tangazo fupi."

Mke wake hakujua kama miguu ndiyo iliyomwingiza au hasira. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mdogo wake, baridi kama sufuria ya asubuhi, na kwa sauti yake ndogo ile isiyosikika hata kwenye kikao cha akina mama, akasema:

"Mgeni, utusamehe. Umekalishwa pabaya. Huyu mtoto hana kwake hapa, anakaa kwa shemeji. Chumba ni cha huyo mwenye koti. Yeye ndiye mwenyeji wako. Na ndani mwake kuna nafasi kubwa, hakuna kitu."

Kiti kikalia. Ile sauti ikacheka kidogo, kwa heshima.

"Umesema kweli, mama."

Fundi akamwangukia kifuani, mwepesi kama mto. Akapepesa macho. "Dada," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nina njaa."

Mchungaji alikuwa bado ameachama kwa ajili ya tangazo. Alikifunga kinywa polepole, akakifungua, akakifunga tena, kama mtu anayejaribu koti la mwenzake. Kisha akaendelea na kipindi, kwa ufasaha ambao hajawahi kuwa nao tangu azaliwe.

Jumapili, ibada ikiendelea, Mama Mchungaji alitoka nyumbani na mdogo wake aliyekuwa akitafuna mkate bila kupumzika. Mzee mmoja wa kanisa aliwakuta wakipita geti la kanisa.

"Mama, ndiyo kwanza mtumishi amewaka, nawe unabeba sanduku?"

"Mzee, aliyesimama madhabahuni si mume wangu. Ulikuwa dirishani. Uliona."

Mzee akatazama viatu vyake. Kutoka ndani ya kanisa, kwenye vipaza sauti, ile sauti ya upole ilikuwa inahubiri, na watu walikuwa wanalia kwa furaha.

"Niliona," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini, Mama, yule wa zamani alikuwa anatulaza usingizi. Tuachie huyu."

Akamsaidia kubeba sanduku mpaka barabarani, kwa heshima zote, kisha akarudi mbio asije akakosa sehemu iliyobaki.