Mazoezi ya Chumba cha Pili

Asubuhi, wakati watu wanapokanyagana kwenda kazini, Nereida alimkuta kijana kwenye ngazi za kituo cha treni pale Bronx. Alikuwa ameegemea ukuta, shati lake la maua limelowa jasho, kifua kinapiga mluzi.

"Pita tu, dada," alisema, akavuta inhela, kichupa chake cha dawa ya pumu. "Hizi ngazi ni mama mkwe wangu."

"Kumbe umeoa?"

"Bado. Ndiyo maana zinaninyanyasa."

Nereida alicheka mpaka treni ikamwacha.

Wiki ile ile kijana huyo, Efrain, akaingia katika chumba alichofundishia Nereida hospitalini. Watafiti walitaka kujua kama mazoezi ya kupumua yanatibu pumu. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: chumba cha kwanza kilifundishwa mazoezi yenyewe, cha pili kilifundishwa ya bandia, kuinua mikono na kuhema kama kawaida, ili walinganishwe. Mgonjwa hakuambiwa kura imemwangukia wapi. Nereida alifundisha chumba cha pili, na alikuwa ameapa kutotoboa siri.

Mapenzi nayo hayaombi ruhusa kwa watafiti. Jumapili wakawa wanakula wali wa mbaazi kwa mama yake Efrain, na siku nyingine simu hazikauki.

"Mwalimu wangu, jana nimelala fofofo, hata kikohozi hakuna!"

"Inhela unatumia lakini?"

"Natumia, mami. Unahoji kama polisi!"

Efrain, aliyemwita mami kwa mahaba, alikuwa anadanganya. Inhela alishaitupia kabatini. Alitaka amchumbie Nereida akiwa na kifua kilichoponywa na mwalimu wake mwenyewe. Naye Nereida, mara ngapi alifungua mdomo amwambie ukweli, akaufunga? Alijifariji kwamba kunyamaza si kusema uongo. Wangapi wamejifariji hivyo!

Mwezi wa tano, miti ilipomwaga chavua inayoamsha pumu, Efrain alianguka jikoni kwao, midomo ya bluu. Madaktari walimrudishia uhai kwa shida. Alipoweza kuongea, Nereida alikaa kitandani pake akasema yote.

"Niliyokufundisha hayakuwa dawa, Efrain. Nilijua tangu mwanzo."

Efrain akasogeza barakoa ya hewa. "Hata tulipoyafanya nyumbani kwako, wawili tu?"

"Hata siku hizo."

"Unanishika mkono, unanihesabia pumzi, na unajua?"

"Niliapa! Na wewe uliniambia inhela unatumia!"

"Nilitaka nipone kwa mkono wako, Nereida. Si kwa kichupa."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimekusamehe. Kiapo ni kiapo." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Lakini nikikuona kifua kinabana. Nenda, mami. Usinipigie."

Nereida alitamani kumbusu. Hakuthubutu.

Kesho yake alisimama mbele ya wagonjwa wake, macho yamevimba, kiapo bado kinamfunga. Akawasihi wasiache inhela zao, akawasihi tena, mpaka wakatazamana. Kisha akainua mikono. Nao wote wakainua yao, wakimtazama na kumwamini.