Mwanaume wa Karatasi

Kwanza mjue kwamba lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia mbaya kuliko watu walioipanda, na hapo nimewaheshimu watu. Mchana ule ukumbi wa chini ulikuwa umefurika: mawakili wenye mafaili kwapani, madalali wanaoongea na simu mbili, na mlinzi anayemsalimia mwenye tai na kumkagua mwenye ndala. Juu kabisa, mbali na zogo hilo, Mwandishi alikuwa ametoka kutukanwa kwa adabu.

Tumwite Mwandishi, maana ndivyo alivyotaka kuitwa tangu chuo, wakati alikuwa hajaandika kitu zaidi ya majina ya wapigakelele. Siku hiyo alivaa gauni la njano lenye mfuko mmoja wa pembeni na viatu vya visigino vya dada yake, vilivyokuwa vinamtafuna kama vina njaa. Kwenye mfuko wa plastiki alibeba mswada wa riwaya yake. Mchapishaji, mzee mmoja wa kitambi na mikanda ya mabegani ambaye nina hakika kitabu alichowahi kukimaliza ni cha namba za simu, alikuwa amemrudishia huku akimwambia, "Binti, huyu shujaa wako hana mvuto. Anaongea kama fomu ya mkopo."

Akaingia kwenye lifti amefura. Lifti ikateremka kidogo, ikatetemeka, ikasimama katikati ya ghorofa mbili. Taa ikabaki moja. Mwandishi akasukuma mlango kwa bega, kisha kwa kisigino, kisha kwa matusi.

Sauti ikatoka nje, juu kidogo ya kichwa chake.

"Dada, huo mlango umekukosea nini?"

"Umenifungia."

"Basi usiusukume. Ukisukumwa unajikaza. Kaa chini. Mimi siendi popote."

Akakaa. Akakalia mswada wake, na kusema kweli hayo ndiyo yalikuwa matumizi yake bora hadi siku hiyo. Juu huko chuma kikawa kinagongwa taratibu, na kati ya pigo na pigo mwenye sauti ile, fundi wa lifti, akawa anamhoji ili asiogope. Akajua anaitwa nani, anaishi na nani, na kwamba anaandika hadithi za mapenzi.

"Hayo mapenzi umeyasomea wapi?"

"Sijasomea. Nabuni."

"Aa. Ndiyo maana umekwama."

Mlango ulipofunguka, kitu cha kwanza alichokiona ni buti, maana sakafu ya ghorofa ilikuwa usawa wa kifua chake. Kisha ovaroli ya bluu yenye ramani ya mafuta. Kisha penseli, na sikio lililoibeba, na sikio la pili, yote mawili yamesimama kama vishikio vya sufuria. Mfupi. Tusidanganyane, mfupi. Lakini aliponyoosha mkono kumvuta, aliufuta kwanza kwenye paja la ovaroli, mbele nyuma, kama mtu anayekwenda kushika kitu cha watu. Shoga yangu Mwandishi akaisha hapo hapo.

Basi mapenzi yakaanza, na simu zikaanza. Fundi alikuwa anapiga kutoka chumba cha mashine juu ya paa, upepo ukivuma kwenye simu.

"Umekula, Mwandishi wangu?"

"Nimekula."

"Umeandika?"

"Nimefuta."

"Hata kufuta ni kazi. Mimi leo nimefungua nati nikaifunga ile ile."

Kwao Mwandishi hakuna aliyekuwa na maneno ya namna hiyo. Mama yake alimtambulisha kwa wageni kama "huyu bado anatafuta kazi," hata akiwa amekaa mezani tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Shangazi aliagiza nakala ya bure ya kitabu ambacho kilikuwa hakijaisha, halafu akaonya asije akamkuta humo ndani shangazi mchoyo. Marafiki wa chuo walimuuliza kama anaandika "vitabu kabisa" au vile vya mapenzi. Ndiyo jamii yetu: kitabu hawanunui, hawasomi, ila kukidharau wanajua bila hata kufundishwa.

Na Fundi je? Fundi alisomewa sura ya kwanza kwenye kochi la sebuleni, akakoroma ukurasa wa pili. Mwandishi akaichana sura hiyo, akaandika nyingine. Kukoroma kule kulikuwa uhakiki wa kweli kuliko yote aliyowahi kupata.

Akamvunja shujaa wake akamjenga upya. Akampa urefu, suti nyeupe na kidoti shavuni, maana wasomaji wanapenda mwanaume aonekane kutoka mbali. Na mara hii akampa mdomo. Mpenzi wake anapolia amejifungia chumbani, shujaa hapigi mlango wala haimbi upuuzi. Anasema: "Kaa chini, mpenzi. Mimi siendi popote." Mchapishaji aliposoma hapo, au aliposomewa na mhariri wake, akavuta mikanda ya mabegani na kusema sasa mambo.

Kitabu kikatoka. Jamani, siku alipokishika! Alikinusa kama mtoto mchanga, akakilaza kwenye mto, akamwamsha mama yake aje akione, na mama akauliza kama kazi sasa ndiyo imeisha. Fundi naye akatangaza kwamba Jumapili ya wiki ya pili baada ya uzinduzi atakuja nyumbani na mjomba wake kuzungumza na wazee. Mwandishi akawa hagusi ardhi.

Sasa ingia Bwana Sauti.

Huyu alikuwa mtangazaji wa redio. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili watu walikwenda wakalikabidhi kipaza sauti. Alikuwa na Mwandishi zamani, enzi za chuo, akamwacha kwa maelezo kwamba hawezi kuoa mwanamke anayeongea na watu wasiokuwepo. Mrefu. Suti nyeupe. Kidoti shavuni. Mmeshaelewa. Mwandishi alihitaji sura, na sura ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo yule bwana, kwa hiyo akaichukua. Ni kama kuchukua hanga ya nguo kwenye nyumba uliyohama.

Kwenye uzinduzi, ukumbi una maua ya plastiki na viti vimevalishwa nguo kuliko baadhi ya wageni, Bwana Sauti akaomba kusema neno moja. Akasema mengi. Kwamba kila mwandishi ana chemchemi yake. Kwamba yeye ni mtu wa siri, lakini leo ukweli utoke. Akageuza shavu kwenye taa.

"Mnaona hiki kidoti? Basi shujaa mmeshamwona."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mchapishaji, aliyenusa harufu ya wanunuzi, akamvutia kiti mezani pembeni ya Mwandishi, na yule mtu, bila aibu hata ya kuazima, akatoa kalamu akaanza kusaini vitabu. Kitabu ambacho hakukiandika. Ambacho, nawahakikishia, hakukisoma, maana kati ya saini na saini alimnong'oneza mhariri kuuliza kama mwishoni anaoa au anakufa.

Nyuma ya ukumbi alisimama Fundi, ndani ya koti la shemeji yake, mikono ya koti imemeza vidole. Mwandishi alimtafuta kwa macho. Alimkuta anatoka. Alitoka kabla soda hazijafunguliwa, na Fundi si mtu wa kuacha soda.

Kesho yake simu ikalia. Upepo wa paani ulikuwepo, ila ucheshi haukuwepo.

"Nimekisoma," Fundi akasema.

"Chote? Bila kukoroma?"

"Kidoti kipo ukurasa wa kwanza. Kipo wa tatu. Kwenye harusi kipo. Unakipenda sana hicho kidoti."

"Jamani, unamwonea wivu mwanaume wa karatasi?"

"Wa karatasi anasaini vitabu?"

Akamweleza kwamba ile ni sura tu, ya kuazima, kwamba waandishi wanaokota. Fundi akauliza kwa utulivu unaoumiza: kama anaokota, mbona yeye hakuokotwa? Kitabu kizima, hakuna mtu mfupi hata mmoja, hata mpita njia. Mwandishi angeweza kumjibu pale pale. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa na kiburi cha watu waliochapishwa juzi, akasema kwamba mtu asiyejua kusoma asilaumu kitabu.

Upepo.

"Basi Jumapili siji," Fundi akasema, na simu ikakatika.

Hapo ndipo alipojifunza kazi hii ilivyo na roho mbaya: inakupa sukari siku ambayo ulimi umeungua. Wiki hiyo hiyo, kwenye foleni ya benki, alimwona mama mmoja amepitwa na zamu yake kwa sababu anasoma. Kitabu chake. Mama akamgeukia, hamjui ni nani, akamwonyesha mstari kwa kidole. "Mdogo wangu, hebu soma hapa. Mimi siendi popote. Wangu mimi hajawahi kuniambia hivi, na tuna wajukuu." Hiyo ndiyo siku aliyoiota tangu chuo. Na Mwandishi alichotaka kumwambia ni kwamba, mama, hiyo sentensi ina mwenyewe, na hapokei simu.

Ijumaa, Mchapishaji akamwita. Alimkuta ukumbi wa chini pamoja na Bwana Sauti, wananukia mafuta yale yale ya kunyolea ndevu. Habari ilikuwa njema, kwa maoni yao. Kitabu cha pili kinatakiwa, na jalada litakuwa picha ya Bwana Sauti mwenyewe, amevaa suti nyeupe, anatazama mbali. Wazungumze wakipanda juu. Mwandishi alikuwa na gauni lile lile la njano, safari hii na ndala, maana mtu aliyeachwa haazimi visigino. Mawazo yote yalikuwa Jumapili: mama ameshaosha mapazia, na yeye hajathubutu kumwambia kwamba hakuna mgeni.

Wakapanda watatu. Lifti, Mungu aibariki, ikatetemeka, ikasimama.

Laiti mngemwona shujaa. Alianza kwa kubonyeza vitufe vyote. Akaupiga mlango mateke. Akadai hewa inaisha, ingawa nusu ya hewa alikuwa anaitumia yeye. Ile sauti ya asali ilipanda ikawa ya filimbi, na ilipofika kumwita mama yake, Mchapishaji akamsogelea Mwandishi kama anayesogea mbali na mgonjwa wa kuambukiza.

Nje, juu ya vichwa vyao, chuma kikagongwa mara moja.

"Msisukume mlango," sauti ikasema. "Ukisukumwa unajikaza. Kaeni chini. Mimi siendi popote."

Mchapishaji akainua kidole. Akakaa hivyo kidogo, kama mtu anayekumbuka alipoacha miwani.

"Huyu fundi amesoma kitabu chako."

"Hapana, mzee," Mwandishi akasema, kwa sauti ya kufika nje. "Kitabu ndicho kilichomsoma yeye. Mwenyewe alikisoma akitafuta kidoti, ndiyo maana hakujiona."

Kugonga kukakoma.

"Nani yuko humo ndani?" Fundi akauliza.

"Mimi. Na mdomo wako wote nimeuandika. Kila alichosema shujaa wangu kikawatoa watu machozi, ulikisema wewe. Ukurasa wa arobaini, kwamba hata kufuta ni kazi, ulinipigia ukiwa juu huko. Huyu bwana alitoa shavu tu."

Bwana Sauti akaanza tena kupumua kwa filimbi.

"Kwa hiyo ungeniandika na masikio yangu ungekufa?" Fundi akauliza, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

"Masikio sikuyataka yasomwe na watu. Sura nilimpa mtu niliyemalizana naye. Wewe sijamalizana na wewe."

Spana ikadondoka huko juu, ikalia ngazi nzima.

"Jumapili nivae nini?" Fundi akauliza.

"Chochote. Koti la shemeji yako libaki kwa shemeji yako."

"Na mjomba nimwambie tunakwenda kuuliza nini? Nataka nijue jibu kabla sijamsumbua mzee wa watu."

"Fungua mlango kwanza."

"Jibu kwanza."

"Mkubalie, dada," Bwana Sauti akalia kutoka sakafuni, suti nyeupe imeshapiga magoti. "Tafadhali mkubalie tutoke."

Basi hivyo ndivyo mtu alivyoposwa, katikati ya ghorofa, shahidi mmoja ana kitambi na wa pili anamlilia mama yake. Akasema ndiyo. Mlango ukafunguka, zikaonekana buti, kisha mkono, unafutwa kwenye paja la ovaroli, mbele nyuma. Bwana Sauti akajaribu kuushika wa kwanza. Fundi akamruka akamvuta mwenye gauni la njano.

Mchapishaji, akitolewa kama gunia, alikuwa bado anataka kujua kuhusu jalada. Mwandishi akamwambia kitabu cha pili kipo, ila yule mrefu hayupo. Amefia kwenye lifti, sura ya kwanza, na hakuna aliyemlilia.

Walipobaki wawili pale ngazini, wakiokota spana, Fundi akamshika kidevu kwa kidole kichafu.

"Lakini hili la leo, la kukuposa humo ndani, usiliandike. Liwe letu."

Akaapa. Na kweli, shoga yangu ni mtu wa neno lake, mpaka leo hajaandika hata mstari.

Mimi hakuna aliyeniapisha.