Nilimpa Shangazi Siri ya Tumbo Langu

Nina miaka thelathini na miwili, nauza dagaa hapa Kasanga, kando ya ziwa. Wasomaji wenzangu, sitaki pole zenu... nisikilizeni tu!

Niliolewa Sumbawanga na fundi cherehani. Nilimsagia mama yake ulezi mpaka viganja vikaota sugu, lakini mtoto sikupata. Nikapewa talaka, na jina juu yake: tasa! Nikateremka milima na mkeka wangu kichwani, nikarudi kwetu.

Nyumbani nako kulikuwa kumechafuka. Mama alikwisha kufa. Baba hainuki kitandani, mgongo uliharibiwa na mizigo aliyobebeshwa kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza. Nyumba aliishika shangazi, dada yake baba, pamoja na binti yake Mwajuma. Kila nikinyoosha mkono kwenye ugali, shangazi aliniuliza nitarudi lini kwa mume wangu. Mume yupi, jamani?

Ndipo nikampata Hamisi, nahodha wa chombo cha mizigo. Alinipenda, nami nilimpenda... nifiche nini? Akaniahidi kwamba akishapeleka mahindi Kongo, ataleta mahari.

Alipokuwa huko, nikajigundua nina mimba. Mimi, tasa! Nililia kwa furaha, nikamwambia shangazi peke yake. Kwetu anayeposwa hasemi mbele ya wazee, shangazi yake ndiye humsemea. Akanikumbatia. "Nyamaza mwanangu, nitawaambia mimi."

Hamisi alirudi, wazee wakakaa barazani. Mimi niko jikoni, sikio ukutani. Nikamsikia shangazi, kwa sauti ya upole kabisa: "Hamisi baba, sisi hatuuzi mbuzi kwenye gunia. Yule ni tasa, wenzenu wamemrudisha. Lakini Mwajuma yupo."

Mbona sikutoka? Adabu, jamani, adabu! Nikangoja Hamisi anitetee. Nikamsikia anauliza Mwajuma ana umri gani.

Ulezi wa harusi yao niliusaga mimi.

Tumbo lilipotokeza nilimfuata Hamisi gatini. Akacheka mbele ya wapagazi. "Tasa wewe, hiyo mimba umeiokota wapi?" Shangazi naye akaapa kwamba hakuambiwa kitu! Baba alikufa akiamini nimemwaibisha, na hakutaka nimshike hata mkono.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Wangu nilimpa angali tumboni, akammeza! Dada zangu, nawasihi, jambo la maisha yako liseme kwa kinywa chako mwenyewe. Wakuite mkosa adabu, wakufukuze, lakini toka jikoni useme!

Mwanangu sasa anakimbia na wenzake ufukweni. Pua ya Hamisi, mwendo wa Hamisi, Kasanga nzima inaona. Hamisi akipita, mtoto husimama wima na kusema, "Shikamoo, baba mdogo." Naye hujibu marahaba, bila kugeuka.

Juzi mtoto aliniuliza amemkosea nini.