Cherehani ya Mama Kwenye Harusi ya Getruda

Zawadi ya bwana harusi kwa mkewe ilipofunuliwa, ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya zawadi, nikaiona kwa karibu.

Ilikuwa cherehani ya mama yangu...

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msiniambie cherehani zinafanana. Mkono wa kuzungushia wa ile ya mama ulivunjika zamani, baba akachonga mwingine wa mninga. Nilipoota meno niliung'ata mpaka ukabaki na alama. Alama zangu zilikuwa pale, mbele ya wageni wote wa mtaa wa Cheyo.

Hiyo ni Tabora, 1974. Mwaka wa Operesheni, watu wanatolewa porini kupelekwa vijiji vya Ujamaa.

Mimi Apolinaria nilikuwa mpambe wa bibi harusi. Bibi harusi ni Getruda, shosti wangu tangu komunyo ya kwanza. Bwana harusi ni Damas, afisa kijana wa hiyo Operesheni, kaunda suti na Landrova.

Kwetu ni njia ya Sikonge, ndani kwenye miombo. Wiki mbili kabla ya harusi Getruda alinifuata mwenyewe.

"Njoo mapema, Apo. Bila wewe sina harusi."

Nikaenda. Nikachambua mchele, nikafua mapazia, nikamsuka. Akanishonea gauni la satini ya waridi, sijawahi kuvaa kitu kama kile.

Siku moja tu aliniacha. Alipanda Landrova ya Damas, akasema anakwenda kujaribu gauni lake. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Sikumuuliza. Nilimpenda mno, na ukimpenda mtu hivyo huulizi.

Turudi mezani.

Kazi ya mpambe ilikuwa kupokea zawadi, kuinyanyua watu waione, kisha kutaja aliyeitoa. Watu walikuwa wananisubiri.

Nikamwinamia Getruda.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Tabasamu, Apo. Watu wanatazama."

"Mama yangu yuko wapi?"

Akajipepea kidogo.

"Wamehamishwa. Jumatatu. Wako kijiji kipya, wazima wote."

"Ulijua?"

"Ndiyo maana nilikuita mapema. Sikutaka uone."

Mtanicheka, lakini kwa dakika moja nilitaka kumshukuru. Nikadhani vijana wa Damas ndio waliobeba vitu vya watu, naye Getruda maskini ameletewa tu.

Halafu nikayaona meno yangu kwenye ule mninga. Hasira ikanipanda.

Nikainyanyua cherehani.

"Zawadi hii," nikasema kwa sauti, "inatoka kwa Skolastika Kalunde, mama yangu mzazi. Naye hajaitoa."

Vigelegele vikakatika. Damas akasimama.

"Weka chini hicho kitu."

"Njoo unipokonye mbele za watu."

Hakuja. Nikajitwisha cherehani, nikatoka na gauni langu la satini, hakuna aliyenigusa.

Dereva wa lori la tumbaku alinihurumia, akaniteremsha kwenye kijiji kipya. Kijiji gani? Mistari ya vibanda vya matawi pembeni mwa barabara, na watoto wanakohoa vumbi.

Mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wa nguo.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Hakuniangalia.

"Mayu, nimeirudisha. Walikuibia, nimeichukua mbele ya watu."

"Hawakuiba. Niliitoa mwenyewe."

Nikaishusha chini taratibu.

"Ulimpa nani?"

"Rafiki yako. Alikuja na Landrova, akasema umemtuma wewe. Kwamba umeshaongea na mchumba wake, nikimpa cherehani nyumba yetu itaachwa."

"Nyumba je?"

"Ilikuwa ya kwanza kuchomwa."

Ndugu zangu... ndipo nilipoelewa. Vumbi lile la kwenye kope lilikuwa vumbi la uani kwetu. Shosti wangu aliniacha nachambua mchele wa harusi yake, akaenda kumdanganya mama kwa jina langu, kwa sababu alijua mama asingemwamini mtu mwingine.

"Mayu, sikumtuma. Naapa sikumtuma."

Mama akanyoosha mkono, akashika upindo wa gauni langu. Akaisugua ile satini kati ya vidole viwili, kama fundi anayepima kitambaa.

"Kizuri," akasema. "Kumbe ndicho walichokupa."

Nililia, nikaapa, nikalivua gauni palepale nikajifunga kanga yake. Mama alisema ananiamini. Ila toka siku ile mpaka tunamzika, aliwashonea majirani wote kwa cherehani ileile, na mimi hakuwahi kunishonea hata shimizi. Nami sikuthubutu kumwomba.

Nyumba iliniuma, lakini nyumba hujengwa. Yale macho ya mama ya kuniamini ndiyo Getruda aliyoninyang'anya, na sijayapata tena.

Juzi ameniomba urafiki humu humu mtandaoni. Bibi mzima na miwani, picha ya wajukuu. Ameandika: "Apo wangu, umenisahau?"

Sijamjibu. Mmesoma nyie, nadhani naye atasoma.

Mabinti, chukueni hili kwangu. Rafiki akikung'ang'ania ghafla uhamie kwake kabla ya sherehe yake, cheza, kula, furahi naye. Lakini kwanza nenda nyumbani ukamwambie mama yako kwa mdomo wako: nikitaka kitu, nitakuja mwenyewe.