Sauti ya Rozalia na Saa Iliyorudi Nyuma

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Koleta alifungua kompyuta mpakato yake akakuta folda iliyoandikwa "Mama" haina kitu. Simulizi zote za Kimwera alizomrekodi mama yake, Rozalia, kabla hajafariki, zilikuwa zimefutwa.

Koplo Winfrida alifika Nambilanje Jumatatu, saa tano asubuhi. Koleta akawasha mashine. Kwenye kioo yakatokea majina ya mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, Windows na Linux. Akachagua Windows.

"Na hii nyingine?"

"Aliiweka Dastani, mchumba wangu, fundi kompyuta wa Nachingwea. Huko ndiko anakosafishia sauti za rekodi. Mimi siigusi."

"Mbona saa ya mashine inasema saa mbili?"

"Hiyo saa ina wazimu, Afande. Huku mtandao wenyewe wa kubahatisha."

Koplo hakulitilia maanani. Folda ilionyesha kubadilishwa Jumamosi saa nane na nusu mchana. Muda huo mashine ilikuwa dukani kwa Dastani. Koleta aliichukua saa tisa, akafika nyumbani saa kumi na moja, akaenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya.

"Mligombana?"

Koleta akainamisha kichwa. "Alisema naishi na sauti ya marehemu, yeye anangoja ndoa tu. Ni yeye, Afande. Mkamateni."

Mdogo wake, Silvanus, aliyerudi kutoka Dar siku moja baada ya mazishi, alikuwa amesimama mlangoni.

Winfrida akaondoka na mashine, na Dastani akalala mahabusu Ruangwa. Alirudia jambo moja tu. "Ile rekodi ya siku ya mvua nimeisafisha, iko upande wa Linux. Fungueni muisikie. Mtu wa kufuta angesafisha?"

Jumanne asubuhi Winfrida akafungua. Rekodi ilikuwepo, moja tu, akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima, akawasha tena, akachagua Windows. Saa ya ukutani ilisema saa nne. Ya mashine ilisema saa moja. Akamwita Dastani.

"Ni kawaida yake, Afande. Linux huiandikia mashine saa ya Grinwichi, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Windows inaisoma kama saa ya hapa. Mtandao usipoirekebisha, inabaki hivyo hivyo."

"Jumamosi ulitumia Linux?"

"Mchana kutwa."

Winfrida akajisikia vibaya. Saa ile ya wazimu aliiona mwenyewe Nambilanje, akaipita.

Adhuhuri ndugu wawili waliketi mbele yake, Dastani pembeni.

"Mafaili hayakufutwa saa nane na nusu," alisema Winfrida. "Yalifutwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mwalimu, mashine ilikuwa wapi?"

"Nyumbani, mezani." Koleta akamgeukia mdogo wake taratibu.

"Silvanus?"

"Nisamehe, dada." Machozi yalimtoka. "Kila jioni unafungulia ile rekodi ya mvua. Mama anauliza, 'Silvanus yuko wapi?' Kila jioni! Nilipigiwa simu nije, nikasema wiki ijayo. Nikakuta kaburi. Nilitaka aache kuniuliza."

"Ukamwacha Dastani alale ndani?" aliuliza Koleta.



Winfrida akawasha upande wa Linux. Mvua iliyokuwa ikipiga bati kwenye rekodi ile haikusikika tena. Sauti ya Rozalia ikatoka safi, kana kwamba yuko jikoni. "Silvanus yuko wapi?" Halafu maneno ambayo mvua ilikuwa imeyafunika, "Mwekeeni ugali wake. Anatoka mbali huyo, atakuja na njaa."

Silvanus akaangua kilio cha mtoto. Zile simulizi nyingine zote za mama yake alikuwa amezifuta kwa kuogopa swali lisilokuwa na lawama.

Dastani akaachiliwa, Koleta akamfuata nje. "Nisamehe."

"Nilitaka uisikie Jumapili, nikija kwenu," alisema Dastani, akifunga kamba za viatu alizorudishiwa. "Umenijua miaka minne, Koleta. Ukaniacha, ukaamini saa ya mashine uliyosema mwenyewe ina wazimu."

Akasimamisha bodaboda ya kwenda Nachingwea. Ndani, Silvanus alikuwa akimwomba Koplo airudie ile rekodi.