Mgeni Ndani ya Kifuniko

Kompyuta ya kanisa ilikuwa inamkataa Nanyama. Mtume Blaise akiifungua, picha inakuja safi. Shemasi akiifungua, safi. Nanyama, ambaye kazi yake ya kila Jumapili ilikuwa kuketi nyuma ya mashine hiyo na kurusha mistari ya Biblia ukutani, akiinua tu kifuniko, kioo kinaingia giza, mistari myekundu inachezacheza humo, kisha giza tena.

Kwa watu wenye akili zao, hapo angeitwa fundi. Katika Hema ya Moto wa Siri, ukumbi wa kukodi juu ya maduka ya Nakivubo mjini Kampala, kulitangazwa mfungo. Mtume Blaise alifumba macho, akanguruma, akafumbua, akasema binti huyu ana jini, tena jini lenye wivu, linalomwandama kila anapogusa kitu cha Mungu. Waumini wakasema amina. Waumini hao wangesema amina hata kama angewaambia kuku wa soko la Owino wanasoma magazeti.

Dawa yake ilikuwa chumba cha nyuma. Mgonjwa hufungiwa humo bila chakula wala maji mpaka jini litaje jina lake. Wa mwisho kuingizwa alikuwa mama mmoja wa Kikongo, Séraphine, aliyetolewa amebebwa, na tangu hapo hukaa akitazama ukuta na hamjui mtoto wake. Kanisa liliita hali hiyo utulivu wa rohoni. Zamu ya Nanyama ilipangwa Jumapili, baada ya ibada.

Shemasi, mtu pekee aliyeona aibu kidogo, ndiye aliyemtuma Nanyama chini kwa fundi Benedicte, kwenye kibanda chake pembeni ya ngazi za jengo lile lile.

Benedicte alitoka Bukavu na bisibisi zake, na alikuwa na dharau kama watu wengine walivyo na pumu: ilimshika popote, hata mahali pasipofaa. Aliwadharau wateja wanaomwaga chai kwenye vibonye halafu wanasema ni unyevu wa Kampala. Aliwadharau mafundi wenzake wanaouza kioo kipya pale panapotakiwa waya tu. Mtume Blaise alimdharau zaidi ya wote, maana alikuwa anamsikia kupitia dari kila Jumapili, akiyaita majini yajitokeze, na kwa maoni yake debe tupu halikuwahi kuvuma namna ile.

"Fungua," alisema bila salamu.

Nanyama akaweka kompyuta mezani, akainua kifuniko kwa kona ya kushoto. Giza. Mistari myekundu. Akaanza kulia.

"Unalia nini? Funga. Fungua tena." Benedicte aliangalia mkono, hakuangalia kioo. "Wewe ni wa kushoto?"

"Ndiyo, Dada. Tangu utoto. Nyumbani Bungoma walinichapa niache, ikashindikana."

Benedicte akachomeka mashine kwenye skrini kuukuu aliyoiweka rafuni. Kule picha ikatokea safi kabisa. "Bodi iko mzima," alisema. Kisha akainamisha sikio karibu na bawaba, akasogeza kifuniko polepole, mbele na nyuma. Bawaba ikalia kwi, kwi, na kila kilipofika nusu, mistari ikacheza. Akabandua fremu. Ndani, pale waya wa kioo unapopita kwenye bawaba ya kushoto, ganda lilikuwa limechubuka hadi shaba inaonekana.

"Jini yako njo hii," alisema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Iangalie vizuri, isalimie. Kila siku unavuta kifuniko kwa kona, bawaba inatafuna waya. Bale bengine banafungua katikati. Basi, habari imeisha."

Nanyama aliutazama ule waya muda mrefu. "Na kama si huo tu, Dada? Kama kweli liko ndani yangu? Nilitaka kutoroka nirudi kwetu, lakini nitakimbiaje kitu kilicho ndani yangu?"

Swali hilo lilimuudhi Benedicte kuliko waumini wote. Mtu mzima, mwenye akili, kajazwa upuuzi mpaka anajiogopa mwenyewe! Alimhurumia, na kwa kuwa huruma haikuwa na njia nyingine ya kutoka kwake, ilitoka kama hasira. "Acha ujinga. Jumapili nitakuja kubaambia, na nitabaambia namna yenye hawatasahau."

Jumapili alipanda ngazi, kompyuta kwapani, waya mpya ndani, ule uliochubuka mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nanyama alikuwa amesimamishwa pembeni kati ya wanawake wawili wa maombi, na mmoja wao alishika ufunguo wa chumba cha nyuma. Benedicte akainua kifuniko kwa kona ya kushoto mbele ya watu wote: picha safi. Akainua waya wa zamani juu, akaeleza habari ya bawaba kwa maneno ambayo hata mbuzi angeyaelewa.

Mtume Blaise alitabasamu. "Fundi anaona waya," alisema kwa kipaza sauti. "Mimi naona anayeutafuna."

Amina, ukumbi ukajibu.

Hiyo amina ndiyo iliyomtia wazimu. Ulimi uliponza kichwa, walisema wazee, na Benedicte ulimi wake haukuwahi kuwa na mlango. Alikwenda mstari wa nyuma kabisa, akachukua kiti cha plastiki kilichokuwa tupu, akakileta mpaka mbele, akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake kama mtu anayempokea mama mkwe.

"Bwana Jini," alisema, akiinama na kumwonyesha Mtume kwa kidevu, "Papa hapa anakuita kila Jumapili kwa makelele, hata kiti hakupi. Mimi nililelewa vizuri kwetu. Karibu. Karibu sana, uketi, jisikie nyumbani."

Alitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Awe mtu wa Bukavu, wa Bungoma au wa Gulu, kila mmoja mle ndani alijua kwamba neno hilo likishatoka halirudishwi kinywani. Mgeni aliyekaribishwa huondoka apendapo, au huagwa na yule yule aliyemkaribisha. Hata Mtume alikaa kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza wa kwanza wa kweli.

Halafu akakohoa. "Sawa, fundi. Basi leo kaa wewe kwenye mashine, urushe neno ibada nzima. Mwisho utawaambia wana wa Mungu umeona nini. Ukiona Biblia tu, binti yuko huru. Ukiona kingine..." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Benedicte akaketi, akibenua midomo. Zaburi ya kwanza ilitokea ukutani, ikatokea na kwenye kioo mbele yake. Alipiga miayo.

Kilichoanza ni harufu, ya maziwa yaliyoungua sufuriani. Alidhani ni kwa mama lishe wa chini. Kisha kwenye kioo mistari ya Biblia ikatoweka, na badala yake akaona ukumbi ule ule aliokuwa ameketi, viti na mapazia na madirisha. Hakushtuka. Waya wa kamera hupita pamoja na waya wa kioo, na huenda alipoufunga aliugusa vibaya. Alibandika kipande cha utepe mweusi juu ya kamera. Ukumbi ukabaki pale pale, angavu.

Hapo ndipo alipoona kwamba viti vyote ni vitupu. Waumini waliokuwa wanapiga makofi nyuma yake hawakuwamo. Yeye mwenyewe hakuwamo. Alikuwamo mtu mmoja tu, mstari wa nyuma, mahali Benedicte alipotoa kile kiti: mwanamume mrefu, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, mikono juu ya magoti, ametulia kama mgeni mwenye adabu, na pamoja na urefu wake wote, miguu yake haikufika sakafuni.

"Mstari unaofuata!" alinguruma Mtume.

Benedicte akabonyeza. Ukutani mstari ukabadilika. Kwenye kioo mtu wa kanzu alikuwa amesogea safu moja mbele.

Akageuka haraka kutazama ukumbi wa kweli, akawaona watu, macho juu ukutani, wakisoma kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakiona kioo chake, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unakikinga. "Mstari unaofuata!" Akabonyeza, kwa kuwa asingebonyeza wangejua, na yule akasogea, na harufu ya maziwa ikazidi, na Mtume Blaise, ambaye siku nyingine huridhika na mistari michache na mayowe mengi, siku hiyo alikuwa na kiu ya Maandiko, akaagiza mstari na mwingine na mwingine, na kila alipoagiza Benedicte alibonyeza kwa kidole kilichokufa ganzi, na kila alipobonyeza safu moja ilibaki tupu na iliyo mbele yake ikapata mtu, mpaka akawa anaona mikunjo ya pasi kwenye mikono ya kanzu, akaona kucha, akaona kwamba mgeni amefika safu ya mbele kabisa na anaketi, taratibu, kwenye kile kiti alichokipangusa kwa kitenge chake. Akageuka akakitazama kiti chenyewe, pale ukumbini, hatua chache nyuma ya mgongo wake. Kilikuwa kitupu. Plastiki yake ilikuwa imebonyea katikati, na miguu yake imepanuka kidogo, kama inavyopanuka chini ya mtu mzito.

Kwenye kioo mgeni aliinua uso. Hakuwa na meno marefu wala macho ya moto. Alikuwa na mdomo uliobenuka upande mmoja na jicho lililofumbwa nusu, na Benedicte aliijua sura ile, maana aliwawekea wateja wake kila siku. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anadharauliwa.

"Fundi!" Muziki ulikuwa umekoma. Mtume alisimama mbele yake, jasho likimtiririka. "Waambie. Umeona nini?"

Nanyama alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyeacha hata kuomba. Mwanamke wa pembeni yake alikuwa ameuweka ufunguo tayari kati ya vidole. Benedicte aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alitaka kupiga kelele, kuwaambia watu wakimbie, na alijua neno moja tu la ukweli lingempeleka msichana yule kule alikotolewa Séraphine amebebwa.

"Nimeona Zaburi," alisema.

"Na kingine?"

"Kingine ni waya, Papa. Na waya nimetoa."

Nanyama alianguka magotini akilia kwa furaha.

Wiki ile Benedicte aliichukua kompyuta kibandani kwake, akabadilisha waya mwingine, kisha kioo chenyewe. Kila alipoinua kifuniko, mgeni alikuwa ameketi. Mwishowe alifanya jambo ambalo angemcheka mtu mwingine kwa kulifanya: alikwenda Owino kwa Mama Ayaa, Mwacholi anayeuza mizizi na maganda ya miti, akamweleza kwa kunong'ona.

Mama Ayaa aliacha kufunga dawa. "Wewe nakaribisha yeye mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi naaga yeye mbele ya watu. Nasema kwa mdomo: nimeona wewe, sasa enda. Hapo hapo kanisani. Yeye tasikia."

"Siwezi kusema kama nimeona. Kuna mtu atakufa."

"Basi kaa na mgeni."

"Na nikivunja ile mashine?"

"Vunja nyumba, mgeni natafuta mwenyeji ya karibu. Nani nakaa pale kabla ya wewe?"

Benedicte akamwaza Nanyama. Aliondoka bila kununua kitu, akimwita moyoni kikongwe mjinga, na hakuamini hata kidogo kwamba ni mjinga.

Jumamosi aliirudisha kompyuta, na Jumapili alifika ukumbini mapema, lakini Nanyama alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesuka nywele upya na amevaa gauni la kijani, anapangusa meza kwa kitambaa, anaimba kwa sauti ya chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari kwenye kona ya kifuniko.

"Ondoka hapo," alisema Benedicte.

"Ah, Dada! Nilikuwa nakungoja nikuambie asante. Nimelala wiki nzima kama mtoto."

"Nimesema ondoka. Mashine hii nimeitengeneza kwa jasho yangu, sitaacha iharibiwe na mtu hajui kufungua hata kifuniko. Mkono kushoto, na akili pia kushoto. Nitakaa mimi."

Nanyama alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha. "Dada, lakini hii ndiyo kazi yangu. Si wewe ndiye uliniokoa?"

"Nilikuonea huruma kama mbwa amegongwa na boda. Imeisha. Rudi kwenu Bungoma, hapa Kampala hakuna mtu anakuhitaji."

Watu waliokuwa wanaingia walisimama wakasikiliza. Machozi yalimjaa Nanyama, lakini safari hii hayakuwa ya woga. Alikunja kitambaa vizuri, akakiweka mezani, akachukua mkoba wake. "Mungu akulipe sawasawa," alisema, akatembea kati ya viti, akatoka, na miguu yake ikasikika ikishuka ngazi hadi chini. Wanawake wa maombi walinong'ona kwamba fundi alikuwa anaitaka kazi ile tangu mwanzo. Mtume Blaise akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mdhihaki wa jana leo ni mtumishi, haleluya.

Benedicte akaketi, akainua kifuniko. Ukutani Zaburi ikatokea, ukumbi ukasema amina. Ndani ya kioo mgeni alikuwa amesimama mbele ya kile kiti, karibu sana, akimtazama. Katika watu wote wa ukumbi ule, ni mgeni peke yake aliyeelewa kwa nini msichana ametukanwa vile. Alikuwa anampigia Benedicte makofi, polepole, na leo Benedicte aliyasikia.