Sumaku Kifuani mwa Damaris

Damaris alifika nyumbani Al Wakrah, nchini Qatar, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Hata viatu hakuvua. Alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Al Sadd, mjini Doha, kazi ya kusimama na kutabasamu, na tabasamu lilikuwa limemwishia.

"Ni moyo tena?" mumewe, Athanas, aliuliza.

"Tena, Baba Chelsea. Nikiwa kazini unaenda mbio hata kama nimesimama tu. Nimechoka. Afadhali niache kazi, nirudi nyumbani Bungoma."

Athanas alipiga hesabu kichwani. Karo ya mtoto wao, Chelsea, ilitoka kwenye kazi hiyo.

Damaris alipokuwa likizoni Kenya, madaktari walimwekea kifaa cha moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Kifaa hicho kidogo cha betri husukuma moyo unapopiga polepole mno. Aliporudi Doha, hakumwambia mtu yeyote hotelini. Aliogopa kuitwa mgonjwa.

Athanas alikuwa na tiba yake mwenyewe. Alisikia kwamba vyombo vya umeme huharibu kifaa cha moyo, basi akachomoa maikrowevu na kuifunika kwa kitambaa. Tangu siku hiyo walikula wali baridi na githeri baridi ya mahindi na maharagwe. Moyo haukujali.

Jioni hiyo jirani yao, Sista Nasimiyu, aliingia kuomba chumvi. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya moyo. Alimkuta Damaris bado na yunifomu.

"Mama Chelsea, mbona umekaa hivyo?"

Damaris alimweleza yote. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Na siku za off?" Nasimiyu aliuliza.

"Siku za off niko sawa. Hata nikivua yunifomu tu, natulia."

Nasimiyu aliitazama ile yunifomu. Upande wa kushoto palikuwa na beji ya jina.

"Hii inashikwa na pini?"

"Hapana. Hoteli haitaki nguo zitobolewe. Kuna kibati kwa ndani."

"Hebu kitoe."

Damaris aliingiza mkono ndani ya shati, akakitoa. Nasimiyu alikisogeza kwenye mlango wa friji. Tap! Kikang'ang'ania.

"Hii ni sumaku, dada yangu. Na umeibeba juu ya kifaa chako kutwa nzima!"

"Kidogo hivi?" Athanas alishangaa.

"Kidogo hivyo. Kifaa husikiliza moyo, kikausaidia unapochelewa. Sumaku ikikaribia sana, kinaweza kuacha kusikiliza, kikapiga mwendo wake tu, wa kasi. Kuna kifaa kingine, cha kuushtua moyo ukienda mbio vibaya. Hicho sumaku inaweza kukizuia kabisa, na mtu akafa."

"Na simu?"

"Simu tumia, lakini usiiweke mfuko wa kifuani. Iwe mbali na kifaa, upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Ongea kwa sikio la kulia. Hata spika za masikioni zina sumaku, usizining'inize kifuani."

"Maikrowevu je?"

"Maikrowevu nzima haina shida. Nani amewatisha?"

Athanas alikuna kichwa.

"Kesho njoo kliniki kifaa kipimwe," Nasimiyu aliendelea. "Tusikisie. Na siku ukizirai, Baba Chelsea apige 999 mara moja. Kisha mwambie bosi wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kesho yake kifaa kilipimwa. Kilikuwa kizima. Daktari alimpa kadi ya kuonyesha uwanja wa ndege, akamwambia apite kwenye lango la ukaguzi bila kusimama hapo.

Kumwambia bosi kulikuwa kugumu zaidi. Msimamizi wake, Herbert, Mganda mwenye sauti nzito, alisikiliza hadi mwisho.

"Nnyabo, mama yangu, ni beji tu? Ungesema mapema!" Alifungua droo, akatoa beji ya pini. "Tutoboe hilo shati."

Wiki iliyofuata Damaris alirudi jioni, akaketi kwenye kiti kile kile. Athanas alimtazama kwa wasiwasi.

"Nimechoka," alisema Damaris. "Miguu inaniuma."

"Miguu tu?"

Damaris aliweka kiganja kifuani, akasikiliza. Kisha akacheka.

"Miguu tu, Baba Chelsea. Nipashie githeri."